Stata Ikilia Vibaya: Sikiliza Kabla ya Kufungua

Mwalimu mmoja wa Kisauni aliniletea Corolla yake ya mwaka 1996 ikiwa na stata mbili (stata ni mota ya umeme inayozungusha injini hadi iwake) kwenye buti. Zote alizinunua za mtumba, zote zikafungwa kwa zamu, na gari likaendelea na mlio uleule: tak-tak-tak-tak. Stata yake ya asili haikuwa na kasoro. Ubaya ulikuwa kwenye waya wa athi, ule unaounganisha upande hasi wa betri na injini, ulioliwa na chumvi ya bahari. Pesa za mwalimu zilikuwa zimeshakwenda. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, kabla hujashika spana, tega sikio.

Hatua ya 1: Jiandae

Tafuta mtu wa kukaa kwenye funguo, wewe simama kwenye boneti. Gia iwe fri (kwa otomatiki iwe P), breki ya mkono ivutwe, redio na feni zizimwe. Vua pete na saa ya chuma. Katika magari mengi ya zamani waya mnene wa kwenda kwenye stata hauna fyuzi. Pete yako ikiugusanisha na bodi, kidole kitaungua vibaya sana. Funga mkono wa shati, usisogelee mikanda.

Piga stata kwa sekunde 5, isizidi 10, kisha ipumzishe dakika moja au mbili. Injini ndogo ya petroli tu huifanya ivute ampea 100 hadi 200, na moto huo huyeyusha vitu ndani.

Hatua ya 2: Tambua mlio

Tak-tak-tak-tak ya haraka. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku-umeme iliyo kwenye stata, inavuta na kufunga mguso wa umeme. Stata inapodai mkondo mkubwa, volti zinaanguka, solenoidi inaachia. Volti zikipanda inavuta tena. Huo ndio mdundo unaousikia. Maana yake umeme haufiki wa kutosha: betri imechoka au nyaya zina kutu. Kwa huku pwani mimi huanza na nyaya. Usinunue stata kwa sababu ya mlio huu.

Tak moja nzito, kisha kimya. Washa taa kubwa na urudie. Taa zikizimika kabisa, angalia vichwa vya betri, au mota imekwama. Taa zikibaki na mwanga, kuna uwezekano mkubwa kuwa miguso ya shaba ndani ya solenoidi imelika au brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) zimekwisha. Gonga ubavu wa stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akizungusha funguo. Ikizunguka, mara nyingi ni brashi. Kugonga huku ni kupima, si kutibu. Stata za Denso kwenye Toyota nyingi za miaka ile hupata sana ugonjwa wa miguso, na vipande vya shaba hubadilishwa peke yake, stata ikabaki ileile. Tafadhali usiingie feri ya Likoni na gari lenye dalili hii. Ukizima injini ndani na lisiwake tena, unawafungia njia wote walio nyuma yako.

Mvumo mwepesi, injini haizunguki. Mota ni nzima, bendiksi (kifaa kinachosukuma kigia, ile gia ndogo ya stata, kishike meno ya injini) inateleza au kigia hakisogei mbele. Jina hilo tumelirithi kwa Vincent Bendix, Mmarekani. Badilisha bendiksi.

Mkwaruzo wa kusaga chuma. Kwanza kaza bolti za stata. Zikilegea, kigia hukaa upande. Kama bado, shuku meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini linalozungushwa na kigia. Injini ya silinda 4 hupenda kusimama sehemu mbili zilezile kila inapozimwa, hivyo meno ya pale ndiyo yanayolika zaidi. Funguo ikiwa imetolewa kabisa, ingiza spana kwenye bolti ya puli ya kranki, zungusha robo mzunguko, toa spana, kisha piga stata. Mkwaruzo ukipotea na kurudi siku nyingine, flaiwili ndiyo yenye shida, na kuifikia ni lazima giaboksi ishuke. Usikubali kushusha giaboksi kabla ya kufanya kipimo hiki cha dakika tano.

Mluzi mkali unaobaki baada ya injini kuwaka. Huu usiuache hata siku moja. Kigia kimeng'ang'ania kwenye flaiwili, na kwa kuwa flaiwili ina meno zaidi ya mara kumi ya kigia, injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika kigia kinasukumwa kupita 8,000. Stata inaweza kupasuka ndani. Rudisha funguo nyuma kwa mkono: mlio ukikata, swichi ya funguo imechoka. Usipokata, zima gari. Stata ikiendelea kuzunguka hata gari limezimwa, fungua waya hasi wa betri upesi.

Mgumio mzito wa kujikokota, hasa injini ikiwa moto, huwa ni bushi (pete zinazobeba mhimili wa stata) zilizolika. Lakini pima umeme kwanza.

Hatua ya 3: Weka mita

Betri iliyopumzika na iliyojaa husoma volti 12.6, 12.2 ni kama nusu. Toa fyuzi ya pampu ya petroli ili injini isiwake, kisha piga stata: ikishuka chini ya 9.6, chaji betri na urudie.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Ncha moja ya mita iwe kwenye kichwa chenyewe cha risasi cha upande hasi wa betri, si kwenye kibano, nyingine kwenye chuma safi cha injini. Piga stata. Ikizidi volti 0.3, athi ni mbovu. Upande chanya, kutoka betri hadi bolti kubwa ya stata, isizidi 0.5. Gari la mwalimu lilisoma zaidi ya 2 upande wa athi.

Huna mita? Chukua waya wa kuazimia umeme, unganisha upande hasi wa betri na injini moja kwa moja. Stata ikichangamka, umepata jibu.

Hatua ya 4: Safisha au badilisha

Fungua waya hasi kwanza. Osha vichwa kwa maji moto yenye magadi kidogo, kausha, piga brashi ya waya, kaza, kisha paka grisi juu. Chana ganda la waya karibu na kibano: shaba ikiwa nyeusi au kijani hata huko ndani, badilisha waya mzima. Gari linalolala karibu na bahari, kama Nyali au Shelly Beach, fanya hivi kila mwaka.

Hatua ya 5: Stata ikibidi itoke

Ukinunua ya mtumba, nenda na ya zamani mkononi. Hesabu meno ya kigia, linganisha matundu ya bolti. Kabla ya kufunga, kwangua kutu pale stata inapokaa, maana nyingi hupata athi kupitia mwili wake. Kaza bolti, rudisha waya mnene, na waya hasi wa betri uwe wa mwisho. Kisha mwambie mwenzako azungushe funguo, nawe usikilize tena.