Soma mwinuko kwa kipimajoto, sufuria na chupa tupu: kutoka Moshi hadi Kibo

Nina miaka kumi na sita nikipandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kama tunapanda kulisogelea jua, mbona baridi inazidi? Wameniuliza watoto wa shule ya msingi, na wameniuliza watu wazima wenye shahada. Ni swali zuri. Ukilijibu sawasawa umeshajibu na mengine: kwa nini migomba inaishia pale inapoishia, kwa nini maharage hayaivi kambi ya Horombo, kwa nini kijana mwenye misuli anashindwa njiani huku bibi wa miaka sitini na tano anafika kileleni.

Nimeuandika mwongozo huu kwa vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni, kwa walimu wa jiografia wanaoleta wanafunzi mlimani, na kwa yeyote anayepanda akitaka kujua anachokiona. Si lazima ufike kilele cha Uhuru. Hadi sufuria ya kwanza pale Mandara, kambi ya kwanza, unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Beba kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 100 (cha kupimia homa hakifai), sufuria ndogo na jiko la gesi, chupa tupu ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye baridi.

Hatua ya 1: Andika joto la Moshi kabla hujaondoka

Pima kivulini, saa sita au saa saba mchana, kipimajoto kikiwa usawa wa kifua. Andika saa, andika joto.

Mji wa Moshi uko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 23. Juu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, wastani huo ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Ni tofauti ya nyuzi 30 kwa mita 5,000 hivi, yaani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Hesabu ni hiyo tu. Moshi ikiwa nyuzi 30 mchana, Horombo, iliyo mita 3,720, itegemee nyuzi 12 au 13. Fanya hesabu kwanza, pima ukifika, kisha linganisha.

Sasa lile swali la jua. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, na kilomita sita za mlima ndani ya hizo si kitu. Tena hewa haipati joto lake kwa jua moja kwa moja. Jua huipasha ardhi, na ardhi ndiyo huipasha hewa kutoka chini, kama jiko na sufuria. Hewa iliyopata moto hupanda, huko juu inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na kule kutanuka kunakula joto lake. Mkumbushe mgeni jinsi pampu ya baiskeli inavyopata moto ukiisukuma: hewa ikibanwa inapata moto, ikiachiwa inapoa.

Usipime alfajiri ukategemea hesabu ikubali. Usiku hewa ya baridi ni nzito, inateremka mabondeni kama maji. Ndiyo maana Nyandarua, kule Kenya, jalidi inaweza kuunguza viazi vya bondeni huku shamba la mwinukoni likisalimika.

Hatua ya 2: Njiani hadi getini, soma mashamba

Kaa dirishani. Tambarare utaona mahindi na alizeti, vumbi na mibuyu michache. Ukishaanza kupanda kuelekea Marangu, karibu na mita 1,000 hadi 1,100, vihamba vinaanza: migomba juu, kahawa kivulini mwake, magimbi karibu na mfongo unaoleta maji kutoka msituni. Kabla ya geti, mnamo mita 1,800, kahawa imekwisha. Mkulima hakuamriwa na mtu aache kuipanda hapo. Baridi ndiyo iliyomwekea mpaka.

Wamisionari wa Kikatoliki walipanda arabika Kilema mwaka 1898, na haikupatana na mteremko huu kwa bahati. Arabika inataka ubaridi wa wastani. Tunda likiiva polepole, punje inakaza na kupata ladha. Mdudu wa malaria naye ana mpaka wake: ndani ya mbu hawezi kukomaa hewa ikiwa chini ya nyuzi 16 hadi 18, kutegemea aina yake.

Waethiopia wana majina ya kanda hizi katika lugha ya kila siku: kolla ni nchi ya chini yenye joto, woina dega ni ya kati, dega ni ya juu yenye baridi. Mkulima akikutajia jina hilo moja, umeshajua analima nini.

Kwenye daftari, chora mlima ubavuni na uandike mmea wa mwisho wa kila aina pale unapoishia: mbuyu wa mwisho, mgomba wa mwisho, mbuni wa mwisho. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alifanya hivyo baada ya kupanda mlima Chimborazo, Ekuado, mwaka 1802, akaandika majina ya mimea juu ya mchoro wa mlima kwa kufuata mwinuko. Wanafunzi wakichora wa kwao wenyewe hawausahau.

Hatua ya 3: Msituni, tafuta mvua inakotoka

Vaa koti la mvua hata kama getini kunawaka jua. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi umebeba mvuke. Ukigonga mlima hauna pa kwenda ila juu, na ukipanda unapoa, mvuke unageuka ukungu na matone. Upande wa kusini mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka karibu na mita 2,200. Ukipita hapo inapungua kwa kasi, hadi kambi ya Kibo ambako haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo. Na upepo ukishavuka kwenda kaskazini umebaki mkavu: tazama Amboseli, upande wa Kenya, na vumbi lake, mlima huohuo ukiwa nyuma.

Simama mahali penye miti mikubwa ya mikulo na uguse zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia matawini kama ndevu. Zikiwa zimelowa wakati mvua haijanyesha, ni ukungu umenaswa na mti. Maji haya ndiyo yanayojaza mifongo na mito ya Moshi. Watu wengi wanadhani maji yetu yanatoka kwenye barafu ya kileleni, lakini sehemu kubwa kabisa inatoka kwenye ukanda huu wa msitu. Moto unaoanzishwa na watu umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu mwaka hadi mwaka. Nikiona mtu anatupa kipisi cha sigara hapa, nasimamisha msafara mzima.

Hatua ya 4: Chemsha maji Mandara, kisha Horombo

Maji yakiwa yanatokota kwelikweli, tumbukiza kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria. Moshi utapata kama nyuzi 97. Mandara, mita 2,700, kama 91. Horombo kama 88. Kambi ya Kibo, mita 4,700, ni 84 au 85. Kila mita 300 zinapunguza karibu nyuzi moja. Hewa inapopungua juu ya sufuria, mvuke hauna kitu cha kuukandamiza, unatoroka mapema. Unaweza kuongeza moto upendavyo, maji hayatapanda zaidi ya hapo.

Mpishi mmoja mgeni kazini alibandika maharage Horombo saa nane mchana. Saa nne usiku yalikuwa yanaruka sufuriani, maganda yamechanika, ndani punje ngumu kama kokoto, na mtungi wa gesi umekwisha. Maharage hayajui kwamba maji yanatokota, yanajua joto tu. Yachemshe Moshi, upande nayo yameiva, au uje na sufuria ya presha. Na maji ya kunywa, ukishavuka mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu nzima.

Hatua ya 5: Lala Horombo, amka kabla ya jua

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Ulaya wana majira ya joto na majira ya baridi. Huku juu, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, majira yote mawili yanapita ndani ya siku moja. Mchana unavua sweta, alfajiri maji ya ndoo yana gamba la barafu. Mmea wa hapa hauwezi kungoja majira mazuri. Lazima uwe na dawa ya baridi ya kila usiku.

Nenda na tochi hadi kwenye senesio zile ndefu zilizo karibu na kijito. Jana mchana majani yalikuwa yametandazwa, sasa yamejikunja yote kuelekea katikati, yamekumbatia chipukizi. Shina limevaa majani yake makavu ya miaka mingi kama blanketi. Usiyabandue, bila hayo shina linaganda. Kisha inama kwenye lobelia. Katikati ya majani yake kuna maji, na juu ya maji kioo chembamba cha barafu. Barafu hiyo ni mfuniko: chini yake maji hayajaganda, na chini ya maji kuna chipukizi lililo hai. Ngoja jua lichomoze, ndani ya saa moja utaona kioo kinayeyuka na senesio inafungua mikono. Usiguse chochote, tazama tu.

Jua hilohilo linachoma. Kila mita 1,000 miali ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa hiyo kofia na miwani si mapambo, na ngozi nyeusi nayo inaungua.

Hatua ya 6: Soma mwili, wako na wa wenzako

Hapa sitanii na mtu. Oksijeni ni ileile asilimia 21 ya hewa, Tanga na Uhuru. Kilichopungua ni hewa yenyewe. Horombo kila pumzi inakupa kama theluthi mbili ya ile ya pwani, na Uhuru, mita 5,895, karibu nusu. Mwili unajibu kwa kupumua haraka, moyo kwenda mbio na kukojoa sana. Damu yenyewe huchukua wiki kubadilika. Ndiyo maana tunasema pole pole, ndiyo maana tunapanda juu tukalala chini. Ukivuka mita 3,000 jitahidi usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na siku ya ziada Horombo, ya kutembea hadi miamba ya Zebra Rocks na kurudi, usikubali ifutwe ili kuokoa fedha.

Nguvu za misuli hazisaidii. Nilimpandisha kijana mkimbiaji wa marathoni. Horombo nilimwuliza mbele ya wenzake kama yupo vizuri, akasema yupo vizuri. Kambi ya Kibo, saa tano usiku, nilimwamsha avae viatu, akashindwa kufunga kamba. Vidole havikumtii, na maneno yalikuwa yanamponyoka. Tuliteremka naye usiku uleule, wawili tumemshika mikono, na alfajiri pale Horombo aliomba uji. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo namwuliza mtu pembeni, peke yake, na kabla ya kumwuliza naangalia sahani yake: chakula kilichobaki kinasema kweli kuliko mdomo.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kipo, hapandi mpaka kiishe. Akipepesuka akitembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kwa kidole, akichanganya maneno, akikosa pumzi akiwa ameketi au akikohoa povu, ateremke sasa hivi, usiku au mvua. Ulizia na wapagazi pia. Mpagazi anaumwa kama mgeni anavyoumwa, ila anaogopa kupoteza siku ya kazi, na mara nyingi koti lake ni jembamba. Huyo ni wajibu wako kabla hajawa wa mtu mwingine.

Horombo, ambako wageni wanalala wameshika kichwa, inakaribiana kwa mwinuko na La Paz, Bolivia, jiji lenye masoko na shule na mechi za mpira. Watu wa milima ya Andes wana damu yenye himoglobini nyingi, ile inayobeba oksijeni. Watibeti wamefuata njia nyingine, wanapumua zaidi na damu yao haizidi kuwa nzito. Maelfu ya miaka yamewafanyia kazi ambayo wewe unaitaka kwa siku sita.

Hatua ya 7: Kileleni, tazama barafu kwa makini

Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona theluji hii Mei 1848 na kuandika habari zake, wataalamu kule Ulaya walikataa: theluji karibu na ikweta? Hawakuwa na hesabu yako ya nyuzi 6.

Kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu hii ilitoweka. Hewa ya huku bado iko chini ya sifuri karibu muda wote, kwa hiyo usitegemee kuona maji yakichuruzika kila mahali. Theluji mpya haitoshi, jua linapiga kuta za barafu, na barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Angalia kingo zake zilivyosimama wima, kali kama zimekatwa kwa msumeno. Piga picha ukiwa umesimama karibu na jiwe linalotambulika na uandike tarehe. Atakayepanda miaka kumi ijayo asimame palepale.

Hatua ya 8: Chupa

Ukirudi kambi ya Kibo, fungua ile chupa tupu, ipunge hewani, ifunge kifuniko kwa nguvu zote. Iweke mfuko wa nje wa begi na usiiguse. Horombo mbavu zake zitaanza kubonyea. Mandara utasikia plastiki ikilia begani. Moshi, iweke mezani: imekunjamana, imepoteza karibu theluthi ya ujazo wake, wala hakuna aliyeikanyaga. Ile ni hewa ya mita 4,700, na kinachoibana ni hewa ya hapa chini. Waite watoto wasogee, nyamazeni, kisha fungua kifuniko polepole mkisikiliza hewa ya Moshi ikiingia.