Kuirudisha Windows kwenye hali ya kabla ya hitilafu

Kompyuta ilikuwa nzima jana, leo baada ya kuweka draiva mpya ya printa (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia) inajizima ovyo? Kabla ya kufikiria kupiga Windows upya, jaribu kuirudisha nyuma kwa System Restore, zana ya Windows yenyewe inayoirudisha kwenye hali iliyohifadhiwa awali (restore point).

Chomeka chaja kwanza. Ikizimika katikati ya kazi, unaweza kubaki na mashine isiyowaka kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika rstrui, kisha Enter. Weka tiki kwenye "Show more restore points" uone tarehe zote, uchague ya kabla tatizo halijaanza. Usiharakishe hapo: bofya "Scan for affected programs" ujue programu na draiva zipi zitaondoka. Picha na nyaraka zako haziguswi, ila programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo itabidi uziweke tena.

Orodha ikiwa tupu, huenda ulinzi unaohifadhi hizo restore points (System Protection) ulikuwa umezimwa, jambo la kawaida mno, na hakuna cha kurudisha. Kazi ya kurudisha ikigoma njiani, mara nyingi antivairasi ndiyo inayozuia mafaili. Izime kwa muda, urudie.

Windows isipofunguka kabisa, izime kwa nguvu mara 2 au 3 inapoanza kuwaka. Menyu ya ukarabati itajitokeza: ingia "Troubleshoot", "Advanced options", halafu "System Restore". Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data kwa siri) utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu.