Kupikia wawili kwenye jiko la pleti moja

Kicheni pati iliniachia sufuria za kutosha kulisha msiba. Nyingi ziko juu ya kabati mpaka leo, zimeingiana vilevile zilivyotoka dukani. Zinazofanya kazi ni tatu: sufuria nzito ya lita mbili, kisufuria cha lita moja, na kikaango chenye kitako kinene. Naanza na hili kwa sababu hapa ndipo wengi mlioanza maisha juzi mnapokwama. Mtu amejifunza kupika kwao, nyumba ya watu wanane, anahamia kwake na mkono uleule. Wali unabaki, mchuzi unachacha, hela ya matumizi inakata tarehe 15, na usiku wanandoa wanaonekana kibandani wanasubiri chipsi mayai.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nafunika cherehani saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwenzangu anatoka kazini Posta, katikati ya jiji, na foleni ya Buguruni ikimhurumia anaingia saa mbili kasorobo. Jiko letu ni mtungi wa gesi wa kilo 6 na pleti yake juu, yaani moto ni mmoja. Ukitaka wali, maharage, samaki na mboga za majani kwa usiku mmoja kwenye moto mmoja, mtakula saa nne mkiwa mmenuniana. Kwa hiyo usiku wa siku za kazi kwangu una sharti: motoni kimoja, pembeni kibichi. Sufuria moja yenye kila kitu ndani, na kando yake kachumbari, parachichi, tango au embe bichi. Vikilazimika kuwa viwili vya motoni, kama ugali na dagaa, basi lazima ujue kipi kinaanza.

Gengeni na sokoni

Watu watakuambia genge ni ghali, nenda sokoni ukanunue kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Kwa familia, sawa. Kwa wawili, sado ya nyanya kwenye joto la Dar siku ya tatu inaanza kutoa maji, ya tano unatupa nusu. Mimi sokoni Buguruni nakwenda kwa vikavu tu: mchele, maharage, unga, dagaa, karanga. Vibichi nachukua gengeni jioni ileile: fungu moja la nyanya, vitunguu viwili, hoho, pilipili mbuzi, ndimu. Ukizoeleka, mama wa genge anakuongezea kotimiri bila kuombwa.

Ukikuta nyanya za kumwaga kwa bei ya kutupa, nunua, ila zipike siku hiyohiyo. Kaanga vitunguu vinne mpaka vianze kubadilika rangi, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha nyanya ulizokwangua, chumvi, na uache moto mdogo mpaka mafuta yajitenge pembeni. Hiyo ni rosti. Ikipoa itie kwenye chupa safi yenye kifuniko, weka kwenye friji. Mimi huimaliza ndani ya siku nne. Ukiwa nayo, jioni yoyote unaanza safari ukiwa nusu ya njia.

Maharage napika Jumapili kwenye jiko la mkaa uani, maana gesi ya kuchemshia maharage inaumiza. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia mapya, na dakika kumi za mwanzo yachemke kwa nguvu kabisa. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayovuruga tumbo, na moto wa kupapasa hauiondoi. Baada ya hapo punguza moto. Nyanya na ndimu visiguse sufuria mpaka yawe yameiva, vinginevyo yatabaki magumu hata ukeshe nayo. Yakipoa, gawa kwenye vimfuko, kila kimoja mlo wa watu wawili, viingie kwenye friza. Na mkaa ubaki uani. Hata mvua inyeshe vipi usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, hewa yake haionekani na inaua.

Vipimo navipima kwa kikombe kimoja tu cha robo lita. Wali wa wawili ni mchele kikombe kimoja, na kama mwenzio anafanya kazi ya nguvu, kimoja na nusu. Ugali ni maji vikombe viwili, unga kama kimoja na nusu, ukiongeza kidogo kidogo mpaka mwiko ukaze. Ndiyo, mara ya kwanza utaona ni kidogo. Pika hivyohivyo.

Muhogo wa nazi na kibua

Hiki ndicho chakula ninachokijua kuliko vyote, maana kwetu Tanga nimekua nacho, na kinaishia kwenye sufuria moja. Utahitaji muhogo wa kama kilo moja, samaki vibua viwili vya wastani, nazi moja, kitunguu, kitunguu saumu, pilipili mbuzi, ndimu, chumvi na mafuta ya kukaangia.

Muhogo uvunjwe mbele yako gengeni. Ndani uwe mweupe; ukiona mistari ya bluu au nyeusi, acha. Nyumbani onja kipande kidogo sana kwa ncha ya ulimi, ukiwa mchungu usiupike, huo si wa kuchemsha na kula. Menya mpaka ngozi ya pili, ile ya rangi ya waridi, itoke yote, kata vipande, pasua katikati utoe ule uzi mgumu.

Kibua osha, chanja ubavuni mara tatu kila upande, paka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mweke pembeni. Anapokaa hapo ndiyo muda wa nazi.

Kwetu nazi anakuna mwenzangu. Ni Msukuma wa Magu, alikuwa hajawahi kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi maisha yake yote, na mwanzoni aliona aibu majirani wasije wakamwona. Siku hizi anakuna huku anasikiliza mpira redioni, shati kavua, na ole wako umguse timu yake ikiwa inacheza. Nilichomfundisha ni kimoja: zungusha kifuu, na ukiona nazi inayotoka inaanza kuwa ya kahawia, acha, sogea pengine. Ukichimba mpaka kwenye ganda, tui linakuwa na rangi ya vumbi.

Nazi iliyokunwa itie maji ya uvuguvugu nusu kikombe, fikicha kwa mkono, kamua kwenye chujio. Hilo ni tui zito, liweke mbali. Rudia kwa maji vikombe viwili na nusu upate tui jepesi. Blenda inafanya haraka, na siku ya uchovu tui la pakiti si dhambi: nusu lizimue kwa maji, nusu libaki kama lilivyo la kumalizia.

Sasa moto. Anza na samaki. Kikaango kipate joto kwanza, mafuta yafuate, na kibua umfute maji kabla hujamtia, asije akarusha mafuta. Usimguse. Watu wanageuza samaki mapema, ngozi inabaki kwenye kikaango, halafu wanalaumu kikaango. Akiwa tayari ataachia mwenyewe ukimsukuma kidogo kwa kijiko. Pande zote mbili zikiwa na rangi, mtoe.

Weka sufuria: muhogo, tui jepesi, kitunguu, chumvi, na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili upate harufu yake bila kuungua midomo. Funika, moto wa kati, dakika kama ishirini na tano. Uma ukipita bila kubishana, mimina tui zito, punguza moto, na usifunike tena. Hapa usiondoke. Chota kwa upawa, mimina, chota, mimina, bila kuacha mpaka lianze kutokota kidogo kidogo. Ukiliacha lichemke lenyewe linakatika, mafuta yanaelea juu kivyake na maji chini kivyake. Utamu upo, lakini mama yangu asingekuruhusu ukipeleke mezani. Likishatokota laza kibua juu, dakika tatu au nne, epua. Ndimu ni baada ya kuepua.

Pembeni weka kachumbari: kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, nyanya, tango, ndimu. Basi.

Ugali na dagaa

Kwa mwenzangu, chakula kisicho na ugali ni kitafunwa, hata kama amekula sahani mbili. Tunaishi kwa kupokezana, na usiku wa ugali mara nyingi ni dagaa wa Mwanza.

Dagaa ndiyo wanaanza motoni, ugali mwisho, kwa sababu dagaa wakifunikwa wanasubiri vizuri ila ugali ukisubiri unaota ngozi. Toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya moto kiasi na ubadilishe mpaka chini ya bakuli pasiwe na mchanga hata chembe. Wakaushe. Kaanga kwa mafuta kidogo mpaka usikie wanagonga kikaango kwa sauti kavu, toa. Tia vijiko vitatu vya rosti, rudisha dagaa, kisha karanga zilizosagwa vijiko viwili ulizokoroga kwenye robo kikombe ya maji. Dakika tano, ndimu, funika weka pembeni. Dagaa wa Kigoma kwa kawaida hawana mchanga mwingi na hawataki muda wote huo, ila bei yao unaijua mwenyewe.

Ukitaka majani, mchicha wa kuchanganya na kitunguu hauhitaji zaidi ya dakika tatu, tena bila maji. Ule unaopikwa mpaka uwe mweusi sijui nani aliuanzisha.

Chipsi mayai wenyewe, nunueni. Kwa watu wawili, kumwaga mafuta lita nzima kwenye sufuria ili mpate sahani mbili za viazi haina hesabu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi sisi tunanunua chipsi na mishkaki minne, kachumbari natengeneza nyumbani, maana ya kibandani sijui imekatwa saa ngapi.

Vitamu vidogo

Tunakula sinia moja. Chombo cha kuosha ni kimoja, na kila mtu anaona mwenzake ameishia wapi. Ukoko wa wali wa nazi unagawanywa kwa kijiko, nusu kwa nusu, baada ya ugomvi mmoja ambao sitausimulia. Ili upate ukoko mzuri, wali ukikauka maji weka moto mdogo kabisa dakika kumi, mfuniko umebanwa, usikoroge tena.

Ndizi mzuzu zilizoiva mpaka ganda liwe na madoa meusi: menya mbili, pasua kwa urefu, toa ule moyo wa katikati, chemsha kwenye tui jepesi na sukari kijiko kimoja na iliki mbili zilizopondwa. Dakika kumi zinatosha. Malizia na tui zito na chumvi ya kubana kwa vidole. Wengi wanaijua ya Ramadhani, mimi naipika hata mwezi wa pili nikiamua.

Mama mkwe akituma matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka Magu, tunakunywa nayo chai ya mchaichai na usiku huo sipiki. Machungwa ya Muheza yakija na basi, hivyohivyo. Embe bichi, chumvi na pilipili ya unga vinaliwa kizingitini wakati wali unakauka.

Vilivyobaki: kitu chenye tui kisilale nje. Kwenye joto hili kinachacha kabla hujaamka, na hata kikinuka vizuri siwezi kukuhakikishia tumbo lako. Kikipoa tu, friji. Asubuhi kiporo kipate moto mpaka kitoe mvuke kote, si juu juu. Kama hamna friji, pikeni kikombe kimoja kamili na mmalize.

Na gesi, maana huwa inakata samaki akiwa upande mmoja. Jiko likiwa limezimwa, mimina kikombe cha maji ya moto ubavuni mwa mtungi, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kushuka chini. Pale joto linapogeuka ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Ikiwa imebaki vidole viwili, usianze muhogo. Pasha maharage ya friza na rosti, kata parachichi, na kesho yake mmoja wenu apite kubadilisha mtungi kabla ya kurudi nyumbani.