Dawa ya Watu Wawili: Kokteli ya Ndimu na Asali

Dawa ilijulikana kupitia mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Ni ndugu wa caipirinha, kokteli ya ndimu ya Brazili, ila yetu ina asali. Kwa jioni ya wapendanao haina mpinzani, maana kila mmoja anaikoroga mwenyewe na kujipimia utamu.

Kwa kila glasi: ndimu 1 yenye maji mengi (si limau), sukari ya kahawia kijiko 1 cha chai, vodka ml 50, yaani vijiko 3 vya mezani na kimoja cha chai, asali na barafu. Konyagi nayo inafaa, lakini harufu yake itasikika.

1. Gandisha barafu tangu jana, kwenye chombo chenye kifuniko. Iliyolala wazi friza moja na samaki itanuka samaki. Ifunge kwenye kitambaa safi, uigonge iwe vipande vya ukubwa wa korosho. Ikiwa unga inayeyuka upesi na kinywaji kinapooza.

2. Tafuta vijiti viwili vya mbao, virefu kuliko glasi. Chovya kila kimoja kwenye asali huku ukikizungusha mpaka kivae asali nene. Ikichuruzika, iweke kwenye friji nusu saa kwanza.

3. Viringisha ndimu mezani kwa kiganja, ukate ncha zote mbili, uipasue vipande 8. Toa ule uti mweupe wa katikati, kwa sababu ni mchungu.

4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tia ndimu na sukari kwenye glasi fupi, nzito (nyembamba itapasuka), kisha kandamiza kwa mchi mdogo mara 5 au 6. Unachotafuta ni maji ya ndimu na mafuta ya ganda, yale yanayonukia. Ukitwanga mpaka ganda lichanike, uchungu unatoka, na hakuna sukari itakayouondoa. Chembe za sukari ziyeyuke sasa, kabla ya baridi kuingia.

5. Jaza barafu hadi juu, mimina vodka, koroga mara moja.

6. Chomeka kijiti na upeleke mezani hivyo hivyo. Asali ikigusa barafu hukakamaa, kisha huachia kidogo kidogo kadiri mtu anavyokoroga: funda la kwanza kali, la mwisho tamu. Ndiyo maana haimiminwi kwa kijiko. Itazama na kuganda chini.

Kama mwenzako hanywi pombe, weka maji ya soda ml 100 na kijiko 1 cha chai cha maji ya tangawizi badala ya vodka, ukoroge taratibu gesi isitoke.

Mkitaka glasi ya pili, mwaga ndimu za kwanza na mkate nyingine. Zilizokwisha kupondwa zimebakiza uchungu tu.