Jinsi ya kukagua plastiki tumboni mwa ndege wa majini aliyekufa

Kibali kwanza, kisu baadaye. Ndege wa porini analindwa na sheria hata akiwa mzoga: Kenya utaulizia KWS, shirika la wanyamapori, na Tanzania utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja, au walio hai wanayumba na kupinda shingo, usiguse kitu. Huenda ni mafua ya ndege. Mwite daktari wa mifugo. Kugandisha mzoga hakuui virusi hivyo.

Anayefaa ni ndege ambaye hajaoza, na tumbo lake halijatobolewa na kunguru wala mbwa. Kama hutampasua siku hiyohiyo, mfunge kwa karatasi ya alumini, mgandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na uandike kwa penseli aina yake, tarehe na mahali alipookotwa. Wino huyeyuka.

Andaa glovu, barakoa, miwani ya kujikinga, mkasi, kibano, uzi wa pamba, sinia jeupe, chekeche la matundu ya milimita 1, lenzi ya mkononi au hadubini, na mzani unaosoma hadi gramu 0.0001. Nguo iwe ya pamba, kwa sababu nyuzi za polista zinazodondoka kutoka kwenye shati hugeuka "ushahidi" kirahisi sana.

Mpime uzito kisha mlaze chali. Lowesha manyoya yasipeperuke, kata ngozi kuanzia chini ya tumbo hadi kifuani, kata mbavu pande zote mbili na uinue mfupa wa kidari. Ncha ya mkasi ielekee juu. Ukiizamisha utatoboa tumbo na kila kitu kitamwagika. Hapo angalia msuli wa kidari na mafuta chini ya ngozi, vyote kwa alama 0 (amekonda kabisa) hadi 3 (amenona). Ndege aliyekonda kabisa hasomwi sawa na aliyenona.

Funga uzi sehemu mbili: kwenye koo, juu ya tumbo laini la mbele, na mahali utumbo unapoanzia baada ya firigisi. Kata nje ya mafundo. Tenganisha tumbo laini na firigisi, pasua kila moja kwa urefu, na suuza kilichomo juu ya chekeche. Usivichanganye: vipande vigumu aghalabu hukaa kwenye firigisi, vikisagwa pamoja na mawe.

Makosa mengi hutokea kwenye kutambua. Lenzi ya jicho la samaki ikikauka huwa duara ya rangi ya kahawia, inayofanana mno na chembe za viwandani, yaani punje za malighafi ya plastiki. Ibane, itabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Vijiwe vya masikio ya samaki hutoa vipovu vikidondoshewa siki. Kwa kitu kingine chochote, gusisha sindano iliyopashwa moto: plastiki hulainika au huvutika, ilhali gamba la samaki huungua na kunuka nywele. Usitegemee kuelea. Polithini huelea, lakini nailoni ya nyavu na plastiki ya chupa za soda huzama.

Kausha vipande kwenye joto la chumba kwa siku mbili, bila oveni. Vigawe: chembe za viwandani, plastiki laini za mifuko, nyuzi, povu, vipande vigumu. Hesabu na upime kila kundi. Ndege asiye na kitu aandikwe 0 na aingie kwenye wastani. Ukimwacha, takwimu zako zitavimba.

Utaratibu huu umetokana na fulmar, ndege wa baharini, wa Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, ambako lengo la OSPAR, mkataba wa kulinda bahari hizo, ni wenye zaidi ya gramu 0.1 za plastiki tumboni wasizidi asilimia 10. Usikihamishe kipimo hicho kwa mnandi wa Ziwa Victoria. Fulmar hutunza vitu vigumu tumboni. Mnandi na shakwe hutapika mabaki, mifupa na plastiki pamoja. Tumbo tupu la mnandi halithibitishi kwamba hakumeza. Chakula chenyewe kinatia shaka: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha plastiki katika asilimia 20 ya sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza.

Kukuta plastiki si kujua kilichomuua ndege. Andika kwamba plastiki ndiyo iliyomuua pale tu ulipoona njia ya chakula imeziba, au ukuta wa tumbo umetobolewa.

Kwa mnandi na shakwe, okota pia matapishi chini ya miti wanakolala. Chukua mabichi au mazima, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi, loweka kwenye maji hadi yalegee, kisha chekecha vilevile. Yaliyomeguka yaache, kwani takataka za ardhini zimeshaingia. Na kwenye daftari, tapishi moja ni sampuli moja, si ndege mmoja.