Somo: Kukadiria umbali na muda wa ndege, mfano Dar es Salaam–Mwanza

Usitumie kilomita za basi. Kwa barabara Dar–Mwanza inazidi kilomita 1,100 kwa kuwa inazungukia Dodoma, Singida na Shinyanga. Ndege inakata moja kwa moja. Unahitaji ramani ya simu na kikokotoo tu.

1. Bonyeza uwanja wa ndege wenyewe, si katikati ya mji, kisha andika latitudo na longitudo. Dar: 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Mwanza: 2.44 kusini, 32.93 mashariki.

Wengi wanakosea hapa. Ramani nyingine huandika digrii na dakika, kwa mfano 39°12′. Hiyo si 39.12. Gawa dakika kwa 60: 12 ÷ 60 = 0.20. Ukiandika 39.12 na 32.56 badala ya 39.20 na 32.93, longitudo peke yake inakuongezea kilomita 32 ambazo hazipo.

2. Toa: latitudo 4.44, longitudo 6.27. Zidisha kila moja kwa 111 (digrii moja ni kama kilomita 111), upate kilomita 493 na 696.

3. Zidisha kila jibu kwa lenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Inakuja kama 850.

4. Gawa kwa kasi. Jeti weka 800 kwa saa, pangaboi (ndege ya mapanga) kama Q400 weka 600. Jeti: 1.06, yaani saa 1 na dakika 4 (0.06 × 60), si dakika 6. Pangaboi: saa 1 na dakika 25.

5. Ongeza dakika 25 hadi 30. Usiiache hatua hii: ndege inatembea chini kabla ya kupaa, inapanda kwa kasi ndogo, na inapokaribia Mwanza inaweza kuzunguka juu ya ziwa ili ikae sawa na njia ya kutua. Kwa hiyo jeti ni kama saa 1 na nusu, pangaboi inakaribia saa 2.

Maswali

*Mkuu, Dar–Entebbe natoa pia?*
Longitudo toa. Latitudo jumlisha, maana Entebbe iko kaskazini ya ikweta: 6.88 + 0.04.

*Tiketi ya Dubai inasema 16:45 hadi 23:15. Ni saa sita na nusu angani?*
Ni tano na nusu. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali pale, na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Angalia na tarehe pia: 00:30 ya tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, hivyo uwanjani fika saa tatu na nusu usiku wa tarehe 11. Watu wanaachwa na ndege kwa hili.

*Nairobi–New York nimepata zaidi ya 13,000, wengine wanasema 11,800.*
Wao wako sahihi. Njia hii inachukulia dunia kama ubao bapa, na inafaa safari fupi karibu na ikweta. Mbali na ikweta mistari ya longitudo inasogeleana, na njia fupi inapinda kuelekea kaskazini. Safari ndefu hivyo pima kwa kifaa cha umbali cha ramani.

*Mbona kwenda huko ni kama saa 15 na kurudi ni pungufu?*
Upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi. Kwenda unakukabili, kurudi unakusukuma, na tofauti inafika karibu saa nzima.