Kumfanyisha Mgonjwa wa Parkinson Mazoezi ya Usawa kwa Mchezo wa Video

Ugonjwa wa Parkinson hupunguza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, na mbali na kutetemeka na kukakamaa, humfanya mgonjwa ashindwe kujirekebisha upesi mwili unapoyumba. Mchezo wa video unaoongozwa kwa mwendo wa mwili humfaa kwa sababu anapoegemea upande mmoja huona papo hapo kwenye runinga uzito wake umeelekea wapi. Ubao wa kusimamia wa mchezo wa Wii Fit wa kampuni ya Nintendo, uliotoka Japani mwaka 2007, una vihisio vinne vinavyopima uzito huo. Kinect, kifaa cha Microsoft cha mwaka 2010, hutumia kamera badala ya ubao, hivyo mchezaji husimama sakafuni.

Kwanza mzee apimwe na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa mfano katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, kwa maana aliyekwisha kuanguka mara kadhaa hafai kuanzia nyumbani. Mazoezi yafanywe wakati levodopa, dawa ya Parkinson inayogeuka dopamini katika ubongo, imeshika, si inapokaribia kuisha nguvu. Jua la mchana la Kisumu liepukwe pia: ugonjwa wenyewe na dawa zake huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na joto huzidisha kizunguzungu.

Ondoa mkeka na stuli, kisha weka kiti kizito chenye mikono mbele ya mchezaji, mahali anapoweza kukishika bila kujinyoosha. Wewe simama nyuma yake, kando kidogo. Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haimo katika mchezo bali katika kupanda ubao na kushuka, hasa kushuka kinyumenyume, ambako wengi hupepesuka. Mshike, ahamishe mguu mmoja baada ya mwingine. Miguu ikiganda, usimvute. Bandika utepe wa rangi sakafuni umwambie auvuke, kwani mara nyingi alama ya kuonekana huifungua miguu iliyokataa amri.

Anza kwa michezo ya kuegemea kushoto na kulia, dakika tano hivi, kisha apumzike. Wajukuu wasimsemeshe anapocheza (najua watataka kushangilia), kwa sababu kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja humpotezea usawa. Stima ikipotea ghafla, abaki alipo huku ameshika kiti, nawe umtegemeze mpaka taa ya simu iwake, ndipo ashuke.